Mnabishana gari lipi ni bora porini: mkonga, yaani Toyota Land Cruiser 70, au Land Rover Defender?

Kwenye mawe na makorongo, Defender ya zamani inaizidi Land Cruiser 70. Mashabiki wa Toyota mtanisamehe. Ina springi za koili miguu yote minne, kwa hiyo tairi linashuka kulifuata shimo badala ya kubaki hewani likizunguka bure, na inavuta kwa miguu yote minne muda wote.

Ila nyie mnabishania gari bora la porini, na pori si korongo moja. Kwa kuingia Serengeti na kurudi nyumbani, chukua mkonga wenye injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Nafanya kazi gereji ya magari ya watalii Arusha. Mkonga ukianza kutoa moshi mweusi, kichujio cha hewa na nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini unavifungua kwa spana za kawaida, hakuna cha kompyuta. Spea zipo kila kona. Defender ile iliacha kutengenezwa 2016, na za kwetu nyingi zinavuja oili kama chujio la nazi.

Angalizo: matope ya udongo mweusi mvua ikinyesha hayajali nembo. Ule udongo unaziba meno ya tairi, na gari zito linazama. Hapo Suzuki Jimny, kama kilo 1,100 tu, inaweza kupita huku hao wakubwa wote wawili wanasubiri kuvutwa.