Re: Vipande vya pembe sita vimejaa, nifanyie nini zaidi ya blanketi?

Habari dada. Umesema vipande vyako vya krosheti vya pembe sita vimejaa mfuko, na blanketi kwa joto hili la Dar hulitaki. Kwanza vitandaze sakafuni: kinachojikunja kama bakuli kimepungukiwa mishono, chenye mawimbi kimezidi. Vya aina hizo viweke kando. Vya pamba mimi huvifanya kitambaa cha meza, pembeni naacha meno yake, au mkoba. Ila mkoba utie bitana, la sivyo funguo zitachungulia matunduni. Vya nyuzi za sweta viwe foronya za makochi.

Ukitaka nguo, fuma vipande viwili vikubwa vya pembe sita. Kila kimoja ukikikunja kinatoa nusu ya sweta pamoja na mkono wake. Unashona kila kimoja juu, begani hadi mkononi, kisha unaviunga mgongoni. Julai jioni pale Coco Beach sweta hilo linavalika.