Niliongeza Mchanga, Feni Ikazidi Kucheza

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Jenereta yetu inatingisha jukwaa lote. Fundi kasema tulibebeshe mawe litulie. Unashaurije?" Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Ushauri huo huo niliwahi kuutoa mimi, tena kifua mbele.

Ilikuwa Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana ya samani. Mwenye karakana alitaka feni kubwa ya kunyonya vumbi la mbao. Chini hapakuwa na nafasi, basi nikamchomelea jukwaa la engo, miguu minne, kimo cha mtu mzima. Mota ilizunguka mara 1,450 kwa dakika, yaani kama mara 24 kwa sekunde. Siku ya kuwasha, jukwaa likawa linatetemeka. Si sana, ila ukilishika unatoka na ganzi mkononi. Nikatangaza mbele ya watu: hili jepesi, dawa yake uzito. Tukapandisha mifuko ya mchanga, kilo 80, tukaifunga chini ya mota.

Tukawasha tena. Ilipofika mwendo wake kamili, jukwaa zima likaanza kucheza kwenda na kurudi. Nati moja ikajifungua yenyewe huku naiangalia, ikadondokea kwenye kopo la vanishi. Vijana wakatawanyika. Bosi akazima swichi kuu, akanigeukia: "Wewe injinia wa makaratasi." Miaka imepita, lakini neno hilo bado lipo hapa kooni.

Sikulala. Nilichokuwa nimekisahau nilifundishwa mwaka wa pili, na nilikifaulu vizuri tu. Kila kitu chenye kutikisika kina mwendo wake wa asili, yaani mara ngapi kwa sekunde kinatikisika chenyewe ukikigonga ukakiacha, na mwendo huo unaamuliwa na vitu viwili: ukakamavu na uzito. Ngoma ikilegea hutoa sauti nzito. Ioteshe moto, ngozi ikikaza sauti inapanda. Huo ndio ukakamavu. Uzito nao uone kwenye daladala: tupu inakurusharusha harakaharaka kila shimo, ikijaza abiria inayumba taratibu kama mashua. Springi ni zilezile.

Kwa hesabu, gawanya ukakamavu kwa uzito, kisha tafuta kipeuo cha pili: mwendo hupanda na kushuka kwa kadiri hiyo. Ndiyo maana ukitaka mwendo upande mara mbili, ukakamavu lazima uongezeke mara nne. Na ukiongeza uzito mara nne, mwendo unashuka hadi nusu.

Sasa ona nilichokifanya. Kesho yake nilirudi, nikashusha mifuko, nikabandika simu yenye programu ya kupima mtetemo, mashine ikiwa imezimwa, nikaligonga jukwaa kwa nyundo ya mbao. Mara 28 kwa sekunde. Nikarudisha mchanga, nikagonga tena: 24. Ileile ya mota! Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi kwako, hata kwa kidole kimoja, atafika juu. Mota yangu ilikuwa inasukuma bembea, na bembea niliipanga mimi mwenyewe kwa kilo 80.

Jumapili nikaenda kwa gharama zangu. Mchanga nje. Nikachomelea engo za mshazari pande zote, kwa sababu miguu mitupu hupinda, ila pembetatu haikunjiki kirahisi. Nikagonga: zaidi ya 40. Feni ikawaka, nikaweka glasi ya maji juu ya jukwaa, maji yakatulia tuli. Bosi akatikisa kichwa tu, akanilipa, na kazi iliyofuata akampa mwingine. Sawa.

Najifariji kwamba wakubwa nao yamewakuta. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, likayumba ubavu kwa ubavu kwa hatua za watu, likafungwa siku mbili baadaye. Kulikakamaza kungeliharibia umbo lake jembamba, basi wakafunga vizuia mtetemo zaidi ya 80. Lilifunguliwa upya Februari 2002. Wale walikuwa na kompyuta. Mimi nilikuwa na mifuko ya mchanga na mdomo mrefu.

Vijana wenzangu, pimeni kabla ya kuongeza. Nasema tena, pimeni. Tatizo letu tunapenda kuonekana tunajua. Mteja akiuliza, tunajibu kabla hajamaliza. Gonga, soma namba, linganisha na mwendo wa mashine. Nyundo ya mbao haina aibu, na simu unayo mfukoni, ileile unayoangalizia mpira.

Mdogo wangu wa jenereta, mawe si haramu. Kama jukwaa lako tayari lina mwendo wa chini kuliko mashine, uzito utazidi kuliweka mbali, na hapo fundi wako yuko sahihi. Kama liko juu kidogo tu, atakupeleka kulekule nilikokwenda. Soma kibati cha jenereta: ikiandika mizunguko 1,500 kwa dakika ni mara 25 kwa sekunde, ikiandika 3,000 ni mara 50. Izime, gonga jukwaa pande zote mbili, urefu na upana, maana namba zinaweza kutofautiana. Nitumie zote mbili leo jioni. Na hayo mawe yaacheni kwanza hapo chini.