Swali lililoniangusha mbele ya juri

Juzi mdogo wangu mmoja wa Kadutu aliniandikia: "Yaya, nitateteaje memwari yangu ya kumaliza chuo kuhusu kiinitete, mimba changa kabisa, wakati sijawahi hata kukiona kwa macho?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Umenigusa kidonda.

Mimi nilianguka hapohapo, nikitetea memwari yangu, oditwari (ukumbi wa chuo) imejaa, mama amevaa kitenge kipya. Niliyakariri yote. Importini ni protini za kusafirisha mizigo ndani ya seli: importini alfa hutambua protini yenye alama ya kuingia kwenye kiini cha seli, importini beta huipitisha katika kitundu cha utando wa kiini, na ndani Ran, protini ndogo iliyoshika molekuli ya GTP, huufungua mzigo. Ndipo profesa akauliza: "Kiinitete cha siku ya kwanza hakijawasha jeni zake. Hizo importini zimetoka wapi?" Nikakosa neno. Nyuma mtu alicheka, na kicheko kile bado nakisikia.

Zimetoka kwa mama! Mama anayetoka Bukavu alfajiri kwenda shambani Walungu huwaachia watoto chakula na ufunguo wa nyumba. Yai nalo huachiwa protini na RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, kabla ya kurutubishwa. Kwa panya, jeni za kiinitete huwaka hasa kikifika seli mbili. Kwa binadamu, kati ya seli nne na nane. Panya jike asiyekuwa na importini alfa 7, aina mojawapo ya importini alfa, hata akipandwa na dume mzima, viinitete vyake hukwama kwenye seli mbili. Nililia nilipolielewa hilo, maana lilikuwa mbele yangu muda wote.

Miezi iliyofuata sina la kuisimulia. Nilisoma.

Mdogo wangu, usikariri. Kila protini iulize: nani kakutengeneza, na lini? Uliza tena. Chora. Wala usiseme sayansi hii ni ya Wazungu tu: Itombwe, kwetu Kivu Kusini, kuna chura wa jenasi Xenopus, na ni kwa mayai ya Xenopus ambapo Daniel Levy na Rebecca Heald walionyesha mwaka 2010 kwamba kiasi cha importini alfa huchangia kuamua ukubwa wa kiini. Kijana wa Bukavu asiyejua hilo anajinyima haki yake, na mzee anayemcheka anayejaribu anamkosea Mungu.

Mara ya pili profesa yuleyule aliuliza swali lilelile. Nilishika chaki, nikachora yai kwanza.

Jumamosi njoo na daftari na penseli. Majina ya protini yaache nyumbani.