Mjomba anasema DAT, mwalimu anasema PCB, nishike lipi?

Matokeo ya fom siksi yakishatoka tu simu yangu inajaa, na mwaka huu karibu kila meseji inauliza jambo moja, mtu anaingiaje kusomea meno na huo mtihani wa kuingilia ukoje. Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa Nyakato hapa Mwanza nimemaliza fom siksi PCB, nimepata Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Tangu niko darasa la 6 nataka kuwa daktari wa meno. Mjomba wangu yuko Texas anasema huwezi kusoma meno bila kufanya mtihani unaitwa DAT so nianze kuusoma sahivi. Mwalimu wangu yeye anasema PCB inatosha. Alafu kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anaandikisha watu, anasema DAT itafanyikia hapa hapa Mwanza mwezi ujao kwa laki 3 na nusu. Mama anataka kukopa kwenye kikoba anilipie. Nilipe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa matokeo. Naanza na hela ya mama maana hiyo haisubiri: usilipe. Mwambie mama asikope hata shilingi. DAT ni mtihani wa kuingilia shule za meno za Marekani, inasimamiwa na chama cha madaktari wa meno cha huko, inafanyikia kwenye vituo vya kompyuta vya Prometric vilivyoko Marekani, kwenye visiwa vyake kama Guam na Puerto Rico, na Kanada, basi. Mwanza hakuna, Dar hakuna, na mtu anajiandikisha mwenyewe mtandaoni kwa namba yake inayoitwa DENTPIN, hakuna wakala wa kwenye grupu. Kama kuna wenzako wameshatuma hela waambie leo leo waende polisi na meseji zao za muamala wasizifute.

Sasa mjomba na mwalimu. Wote wako sawa ila kila mmoja anaongelea mlango wake. Mjomba anaongelea Marekani, ambako meno husomwi ukitoka sekondari, kwanza unaenda chuo, wengi wanamaliza kabisa digrii ya miaka 4 huku wamesoma baiolojia, kemia, oganiki, ndo wanafanya DAT, alafu shule ya meno yenyewe ni miaka mingine 4. Kwa iyo hata ukiisoma DAT usiku na mchana sahivi, hiyo safari kwako ina miaka kadhaa kabla hujafika kwenye huo mtihani. Na ada zake ni nzito mno, na shule nyingi za kule hazichukui kabisa mwanafunzi wa nje au zinachukua wachache, kwa iyo mjomba akirudi na hilo wazo muulize kwanza maswali mawili, shule gani inapokea Mtanzania na nani analipa.

Mwalimu wako anaongelea Tanzania, na hapa mtihani wako wa kuingilia udaktari wa meno umeshaufanya, ule wa Necta wa mwezi wa 5. Watoto wengi hawalijui hili na linaniuma, kwa sababu mtu anakaa miaka miwili anaichukulia fom siksi kama njia tu ya kupita, anasubiri eti mtihani mkubwa wa chuo unakuja mbele, kumbe ndo huo huo. Pale Muhimbili, MUHAS, digrii ya udaktari wa meno ni miaka 5, ukimaliza unafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitali, na wanachoangalia wakati wa kukuchagua ni Fizikia, Kemia na Baiolojia yako. Hesabu yake ni hii, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Wewe una 4 na 3 na 2, jumla 9. Nenda kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, ile tume ya vyuo vikuu, cha mwaka huu huu, sio cha kaka yako, usome sifa za kila chuo kinachotoa meno, alafu ujue kwamba hizo sifa zilizoandikwa ni za kukuruhusu kuomba, kuchaguliwa ni ushindani maana nafasi za meno ni chache kuliko za udaktari wa kawaida. Omba, pointi 9 ni za kuombea, ila usiweke chuo kimoja tu. Na kwa sisi wa kanda ya ziwa angalia na upande wa pili wa maji, Makerere kule Kampala wana digrii ya meno ya miaka 5, chuo kikuu cha Nairobi pia wanayo, ila gharama ziulize mapema na ujue ukirudi utapita Baraza la Madaktari Tanganyika ndo usajiliwe kutibu.

Kwa wadogo zenu ambao bado wako fom faivi, muda wa kujiandaa ndo sahivi, na naomba wasidharau praktiko. Nimeona wengi wanakariri madesa ya nadharia mpaka usiku wa manane alafu kwenye praktiko ya kemia mkono unatetemeka na bureti, au siku ya kupasua panya hajawahi kushika mkasi vizuri. Zile ni maksi kama maksi zingine, na zaidi ya maksi, kazi ya meno ni ya mikono, mtu anayependa kupasua taratibu akautoa utumbo bila kuuchana huyo tayari ana kitu ambacho sisi madaktari wa meno tunakitafuta.

SWALI: Dada daktari habari za kazi. Mimi ni binti wa Kirumba, baba anauza dagaa pale mwaloni, nilipata ufadhili sahivi niko Marekani mwaka wa 3 nasoma baiolojia. Nafanya DAT baada ya miezi mitatu. Sayansi niko sawa, hesabu sio mbaya, ila hii sehemu ya PAT ya maumbo inanimaliza kabisa, nikiangalia yale maboksi naona kama kichwa changu hakina hicho kipaji. Na mtihani wenyewe naambiwa ni mrefu, nijiandaeje?

JIBU: Salama mdogo wangu, na msalimie baba ukipiga simu. Mimi nilisomea hapa nyumbani ila binamu yangu alipita hiyo hiyo njia yako, nilikuwa namuuliza maswali kwa WhatsApp yeye kule ni mchana mimi huku usiku, kwa iyo nakuandikia nikiwa naukumbuka ule wasiwasi wote.

Kwanza uone siku yenyewe ilivyo. Unaanza na sayansi, maswali 100 kwa dakika 90, baiolojia 40, kemia ya kawaida 30, oganiki 30, fizikia haipo. Inafuata PAT maswali 90 kwa dakika 60. Hapo kuna mapumziko ya nusu saa. Ukirudi ni kusoma na kuelewa, makala 3 na maswali 50 kwa dakika 60, mwisho hesabu maswali 40 kwa dakika 45, na kikokotozi kipo kwenye skrini hapo kwenye hesabu tu, kwenye kemia unapiga kwa kichwa na kwa ile kalamu na ubao mdogo wanaokupa. Jumlisha, ni saa 4 na robo za kujibu tupu. Jibu la kukosea halikatwi maksi, kwa iyo usiache swali hata moja wazi.

Alafu angalia unasomea nini, maana tangu tarehe 1 Machi 2025 alama zimebadilika, zamani zilikuwa 1 mpaka 30 sahivi ni 200 mpaka 600. Ukikuta ushauri wa mtu anasema tafuta 20 tafuta 21 ujue ni wa zamani, mbinu zake zinaweza kuwa nzuri bado ila hizo namba usizibebe.

Sasa PAT. Hicho sio kipaji mdogo wangu, na nakataa kabisa usijiambie hivyo. Wewe umekulia Kirumba, umeona mama anakunja sambusa karatasi la unga likawa pembe tatu, umeona fundi anakunja kitenge mara nne anakata shingo mara moja tu akikunjua imekaa katikati. Swali la karatasi iliyokunjwa ikatobolewa ndo hilo hilo, yani wanakuuliza ukikunjua matundu yatakuwa wapi. Chora viboksi 4 kwa 4 kwenye ubao, alafu kunjua kurudi nyuma hatua kwa hatua huku unaweka alama kila tundu na pacha wake upande wa pili wa mkunjo. Ukifanya 15 kila siku kwa wiki mbili mkono utakuwa unachora wenyewe.

Yale ya kuhesabu michemraba ni kama tofali zilizopangwa uwanjani alafu zikapakwa rangi kila mahali isipokuwa chini, unaulizwa ngapi zina pande 2 zenye rangi, ngapi pande 3. Usihesabu upya kila swali. Ukiona picha chora jedwali lako 0 mpaka 5, pita tofali moja moja kwa mpangilio, safu ya nyuma kwanza, na zile zilizojificha chini ya wenzake usizisahau, ukimaliza jumla ya jedwali lazima ilingane na jumla ya tofali. Maswali yote ya picha ile unayajibu kwa jedwali moja. Binamu yangu alikuwa anaanzia hapa na kwenye karatasi za kukunja kwa sababu ndo zenye uhakika, alafu anarudi kwenye pembe na kwenye yale ya kuchagua tundu ambalo umbo linapita, maana ndani ya ile saa moja unaruhusiwa kuruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na zote 6 zina maswali 15 kila moja yenye uzito ule ule.

Zile za boksi kukunjwa kutoka kwenye karatasi bapa, tafuta katoni uikate uikunje kwa mikono, usikae na kompyuta tu. Yale ya kuonyeshwa umbo moja kwa juu, mbele na pembeni ndo ramani ya seremala, mstari mzima ni ukingo unaouona, wa nukta nukta ni uliofichwa. Na za pembe, zile za kupanga kutoka ndogo mpaka kubwa, usilazimishe, ukikodoa macho sana zote zinaanza kufanana, iangalie haraka kwenye kona, chagua, endelea. Una sekunde 40 tu kwa kila swali.

Miezi yako mitatu nisingeigawa sawa sawa. Sayansi unasema uko sawa, basi baiolojia soma kidogo kidogo kila siku maana ni pana, oganiki irudie kwa kuandika njia za mmenyuko bila kuangalia daftari, PAT kila siku hata nusu saa bila kuruka. Mwezi wa mwisho kila Jumamosi fanya mtihani mzima, saa ile ile, mapumziko yale yale, simu iko chumba kingine. Na uwe na daftari la makosa, sio kuandika jibu sahihi tu, andika kwa nini ulikosea, ulikuwa hujui, au ulisoma haraka, au muda uliisha, kwa sababu dawa ya kila moja ni tofauti. Binamu yangu mwezi wa kwanza alifanya maswali mengi mno bila kurudi nyuma na alama hazikusogea kabisa, tulivyokaa na lile daftari tukakuta karibu nusu ya makosa yake anajua jibu ila hakusoma neno “isipokuwa”.

La mwisho, na hili limetuuma sisi wenyewe. Majina. Sisi tuna majina matatu, paspoti inayo yote, alafu mtu kwenye kujisajili anaandika mawili. Binamu yangu alifika kituoni asubuhi, yule wa mapokezi akalinganisha, hayakufanana, akarudishwa nyumbani na ada ikaenda, alinipigia analia nikawa sina la kumwambia. Kwa iyo fungua akaunti yako leo, weka paspoti pembeni, herufi kwa herufi, kama kuna tofauti omba warekebishe sahivi ukiwa na muda. Na ikitokea alama hazikukuridhisha kuna kusubiri siku 60 kabla ya kurudia, hivyo panga tarehe yako isikaribiane na mwisho wa maombi ya shule.

Siku ukiitwa usaili watakuuliza kwa nini meno. Waeleze unachokijua, yale magego yaliyooza ya watu wanaosubiri mpaka uso uvimbe ndo wavuke ziwa kuja mjini, na vile vichanga vinavyong'olewa vijino mtaani eti ni meno ya plastiki kumbe mtoto ana homa na kuhara tu.

SWALI: Habari dokta, mimi ni mama wa Igoma. Mwanangu anapenda meno ila fom siksi Fizikia imekataa, kapata F. Ndo basi tena?

JIBU: Pole mama, sio basi. Kuna diploma ya tabibu wa meno, miaka 3, maombi yanapitia NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, na wao wanaangalia zaidi fom foo, hasa Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa iyo toa cheti chake cha fom foo mkiangalie pamoja. Akimaliza anatibu, anaziba, anang'oa, na akifaulu vizuri anaweza baadae kuomba digrii kwa hiyo diploma, masharti yako kwenye mwongozo wa TCU. Kabla hajajaza fomu mwambie aende Sekou Toure au hospitali yoyote yenye kitengo cha meno, aombe kwa adabu kukaa siku mbili tatu kuangalia kazi. Aende asubuhi, ndo watu wanakuwa wengi.