Usiuze kiwanja ukanunue taipu retingi ya A320

Mkuu, usiuze hicho kiwanja. Umeandika kwamba unarusha Caravan, vile vindege vidogo vya mbugani, mshahara unachelewa, masika ikiingia unakalishwa nyumbani bila malipo, na sasa hujui uache urubani au uuze kiwanja alichokuachia mzee ukasomee taipu retingi (kibali cha kurusha aina moja ya ndege) ya Airbus A320, kwa sababu wakala kakwambia ukishakuwa nayo kwenye leseni kazi itakufuata yenyewe. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na shamba la mama likauzwa.

Hiyo A320 utaipeleka wapi? Air Tanzania wana Q400, A220, 737 MAX na Dreamliner. Precision wana ATR. Kenya Airways wana Embraer, 737 na Dreamliner. Usidanganywe kwa kuwa A220 nayo ni Airbus: taipu retingi yake ni nyingine kabisa.

Mimi nilikwenda kusoma baada ya shirika la Fastjet kusimama hapa nchini mwishoni mwa 2018. Wale walianza na A319, familia moja na A320. Kwa hiyo narudi na cheti cha simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji, nakuta watu wenye masaa halisi ya Airbus wako mtaani wanatafuta kazi. Wakala alilijua hilo. Mezani kwake kuna ndege ya plastiki, ukutani kabandika majina ya mashirika ya Ghuba, anakuhesabia mishahara ya huko kwa dola, lakini lile swali la masaa analiruka. Kila tangazo nililofungua lilitaka masaa 500 kwenye aina hiyo ya ndege, na ya simuleta hawayahesabu. Nilipomrudia akasema dawa ni kulipia tena, safari hii "lain treningi": nikae kiti cha kulia kwenye shirika la nje, nibebe abiria waliokata tiketi, halafu hela nitoe mimi! Huo ni wizi, na anaufanya mchana kweupe kwa vijana ambao wazazi wao wameshauza kila kitu kuwafikisha kwenye leseni ya urubani wa biashara.

Cheti chenyewe nacho hakikungoji. Mwaka ukipita bila kurusha unarudi simuleta kupimwa upya. Nauli, hoteli na ada ni juu yako, na medikali daraja la kwanza, ule upimaji wa afya wa rubani, inakudai palepale. Nikipita Machame leo naona ukuta wa tofali pale ilipokuwa migomba yetu.

Mkataba kwanza, hela baadaye. Na mkataba ni wa shirika la ndege, si wa wakala: una jina la shirika, kituo cha kazi, tarehe ya kuanza na mshahara. Barua ya "tutakufikiria ukimaliza kozi" si mkataba. Shirika likikusomesha lenyewe na kukufunga miaka kadhaa, angalau kazi ipo; soma tu utadaiwa kiasi gani ukiondoka mapema.

Kuacha au kubaki, amua wewe na mkeo. Mimi niliacha, niko kwenye upangaji wa safari za ndege na mshahara unaingia kwa wakati. Ila ukiacha, acha kiwanja kikiwa bado chako.

Kesho mpigie huyo wakala, muulize ni shirika gani linakuajiri na mkataba uko wapi. Akijibu "lipia kwanza", kata simu na usipokee akikupigia tena.