Mgombea ni mtoto wa hapa hapa, na nimeshaapa kumpigia kura: nifanyeje?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh wangu. Mimi ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Uchaguzi wa bunge umekaribia, na mmoja wa wagombea wa jimbo letu ni mtoto wa hapa hapa. Tumekua pamoja, tumesoma madrasa moja, na mpaka leo anaswali safu ya mbele. Anayeshindana naye ni mtu aliyehamia. Watu wanamsifu kwa utendaji, ila hatuna mazoea naye. Wazee wanasema kumwacha wa kwetu ni usaliti, na kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mwezi uliopita alituita watu kama kumi nyumbani kwake usiku. Akatugawia bahasha, kisha akatoa Msahafu, tukaapa mmoja mmoja kwamba kura zetu ni zake. Nami niliapa. Sasa ananiomba nimnadi kwenye kipaza sauti cha msikiti baada ya Ijumaa. Kinachoninyima usingizi ni hiki: alikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa madrasa. Michango ilikuja, jengo likaishia kwenye linta, na siku aliyokabidhi daftari la mapato na matumizi, kurasa mbili zilikuwa zimechanwa. Hakuna aliyemuuliza. Je, nimuunge mkono? Na kiapo changu? Tena kuna kijana ananiambia kupiga kura kwenyewe ni haramu.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Nianze na la kijana ili tulimalize.

Wapo wanazuoni waliokataza kura kwa hoja kwamba bunge hutunga sheria, na kuhukumu ni kwa Allah peke yake. Siwadharau, hoja yao ina uzito. Lakini wengi wa wanazuoni wa zama hizi wameruhusu kwa kupima maslahi na madhara. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Kiislamu ya ulimwengu yenye makao yake Makka, katika kikao chake cha 19 kilichofanyika Makka mwaka 2007, lilitazama suala la Waislamu kushiriki uchaguzi pamoja na wasiokuwa Waislamu, likaliweka katika mambo ambayo hukumu yake hufuata wakati, mahali na hali. Ndiyo rai ninayoifuata. Kijana akijizuia kwa uchaji wake, msimtukane. Naye asiwakufurishe wenzake kwa jambo ambalo wanazuoni wametofautiana.

Sasa tuje kwako. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, aliieleza kura kwa sura tatu. Kwanza ni ushahidi: unashuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Pili ni shafaa, yaani unamwombea nafasi, na Allah amesema katika Suratun Nisaa aya ya 85 kwamba mwenye kuombea jema atapata fungu lake, na mwenye kuombea ovu atabeba sehemu yake. Tatu ni uwakala, kwa kuwa unamkabidhi mtu aseme kwa niaba yako na ya wenzako. Zote tatu ni nzito, ila mimi nakushika kwenye ile ya kwanza, kwa sababu barua yako yote ni barua ya shahidi.

Abu Bakra, Allah amwie radhi, amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa ameegemea akiwatajia masahaba madhambi makubwa kuliko yote. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi wima, akaurudia na kuurudia mpaka wakatamani lau angenyamaza. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Nami kila nikiisoma hunijia picha ya mtu aliyesimama kwenye kituturi cha kupigia kura, kalamu mkononi, hakuna anayemwona, anatia alama mbele ya jina la mtu ambaye moyoni anajua hafai.

Wazee wako wana haki katika jambo moja, na wapewe. Kumtaka mwakilishi anayetoka miongoni mwenu si dhambi, tena kuna asili yake. Katika kiapo cha Aqaba, Mtume aliwaambia Ansari, yaani Waislamu wa Madina, wamtolee viongozi 12 kutoka miongoni mwao wenyewe, wakatoa tisa wa kabila la Khazraj na watatu wa kabila la Aws. Na baada ya vita vya Hunayn, alipotaka mateka wa kabila la Hawazin warudishwe, watu walipaza sauti kwamba wameridhia. Hakutosheka na kelele zile. Aliwaambia warudi, kisha wale wanaowasimamia waje wamletee kauli zao, kwa kuwa hajui nani karidhia na nani hakuridhia. Msimamizi wa watu anayewajua watu wake anafikisha kile ambacho umati hauwezi kukisema. Mbunge anayejua njia zenu zinavyoharibika na watoto wenu wanasoma wapi ana sifa ya kweli, na mtu akimpigia kura kwa sifa hiyo hana lawama.

Lakini angalia ukaribu ule umekupa nini. Umekupa kumjua. Mpiga kura wa upande wa pili wa jimbo anaona picha yake kwenye bango na kusikia ilani kwenye gari la matangazo, basi. Wewe umeliona daftari. Kwa hiyo ushahidi wako unaangaliwa kwa ukali kuliko wa wengine, na hiyo ndiyo maana ya aya ya 135 ya Suratun Nisaa: tusimame kwa uadilifu tukiwa mashahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa. Aya haikututaka tuwachukie jamaa. Imetutaka tusiwapunguzie masharti. Na methali ya wazee ni ya kweli, ila waisikilize vizuri: zimwi lile linakula, haijasema halili.

Nije kwenye daftari, na hapa nakuomba uende polepole. Kutotoa hesabu na kuiba si kitu kimoja. Huenda kurasa zilichanwa na mtoto, huenda risiti zipo kabatini kwake, huenda aliwakopesha mafundi na akaona aibu kusema. Allah ametuamuru katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wewe unasema hakuna aliyemuuliza. Basi kosa la kwanza katika mlolongo huu ni la kamati nzima, nawe labda umo.

Hata hivyo usiliite jambo dogo. Kazi ya mbunge, ukiondoa kutunga sheria, ni kupitisha bajeti na kuisimamia serikali katika matumizi. Mtu anayeomba kwenda kuuliza wengine fedha za umma zimekwendaje, nasi tukashindwa kumuuliza fedha za linta! Binti wa mzee aliyemwajiri Nabii Musa alimsifu Musa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu, na ndiyo mizani ya wanazuoni kwa kila anayeshika kazi ya watu. Imamu Ahmad aliulizwa kuhusu viongozi wawili wa vita, mmoja mwenye nguvu lakini mwovu, mwingine mwema lakini dhaifu. Akajibu kwamba nguvu ya yule wa kwanza ni faida ya Waislamu na uovu wake ni juu ya nafsi yake, ilhali wema wa yule wa pili ni wake mwenyewe na udhaifu wake unawaangukia Waislamu. Huko ni vitani. Kwenye kazi ya fedha, wanazuoni wametanguliza uaminifu. Kwa hiyo safu ya mbele anayoswali ni heri yake mbele ya Mola wake, nasi tunamwombea ikubaliwe, lakini haijibu swali la kurasa mbili.

Na je, ukisema unalolijua utakuwa umesengenya? Fatima bint Qays alikwenda kwa Mtume kumtaka ushauri, Muawiya na Abu Jahm wote wawili wamemposa. Akamwambia wazi kwamba Muawiya ni maskini hana mali, na Abu Jahm haishushi fimbo yake begani, yaani ni mpigaji wa wake. Ndiyo hoja ya wanazuoni kwamba mtu akikutaka ushauri wa kweli, kumtajia aibu inayohusu jambo lile kunaruhusiwa. Inayohusu tu. Ndoa yake, madeni ya baba yake, alichokifanya ujanani, hayo yaache yalipo.

Bahasha. Mkono mtupu haulambwi, tunajua, na kila msimu wa kampeni huletwa kwa jina jipya: nauli, takrima, shukrani. Mtume alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akisema hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Akapanda mimbari akauliza, kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama atazawadiwa? Jiulize hivyo hivyo. Bila kura yako, bahasha ile ingekuja? Ni rushwa, na Mtume amemlaani mtoaji na mpokeaji. Irudishe kama ilivyo. Kama umeshaitumia, rudisha kiasi chake, hata kidogo kidogo. Wapo waliosema fedha ya namna hii itolewe kwa mafukara isirudishwe kwa aliyetoa. Mimi katika hali yako nachagua kuirudisha, ili ajue ulimi wako hauna deni kwake.

Kiapo nacho hakikufungi kwenye batili. Mtume amesema, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba mwenye kuapa juu ya jambo kisha akaona lingine ni bora kuliko hilo, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara imetajwa katika Suratul Maida aya ya 89: kulisha maskini 10 kwa chakula cha wastani unachowalisha watu wako, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza hayo ndiye anayefunga siku tatu. Nalitaja kwa urefu kwa sababu watu wetu wakivunja kiapo hukimbilia kufunga na huku ndani wana akiba. Funga hiyo haijawatosha. Na wenzako tisa walioapa usiku ule hukumu yao ni hii hii, wapelekee habari.

Kipaza sauti usikiguse. Kwenye msikiti wako wamo wanaompenda huyu na wanaompenda yule, na sauti wanayoisikia hapo alfajiri ndiyo yako. Niliwahi kuona tangazo la namna hiyo likitolewa kabla watu hawajanyanyuka, na wazee wawili waliozoea kuswali bega kwa bega kwa miaka wakahamia kila mmoja kona yake. Uchaguzi ulikwisha, kona zikabaki.

Kuhusu yule aliyehamia sijui lolote, nawe unajua kidogo. Kapeleleze. Waulize waliofanya naye kazi, maana utendaji anaosifiwa una watu waliouona. Abdurrahman bin Awf, alipopewa jukumu la kumpata khalifa baada ya Umar, hakukaa nyumbani akakisia. Alizunguka akiuliza watu.

Kisha fanya hivi. Chagua usiku mmoja baada ya Isha, nenda kwa ndugu yako peke yako, bila wapambe. Mpe bahasha yake. Mwambie kiapo umekitolea kafara. Halafu muulize kurasa ziko wapi. Mtume alisema msaidie ndugu yako akiwa dhalimu au amedhulumiwa. Wakauliza vipi tutamsaidia dhalimu, akasema mumzuie na dhuluma. Huenda huo ndio msaada mkubwa atakaoupata msimu huu wote. Akikasirika, umepata jibu lako. Akikutolea risiti zikakaa sawa na jengo, mwombe radhi kwa dhana yako, kisha utoke ukampigie debe mtaani kwa miguu yako mwenyewe.

Wallahu aalam.