Ahame au abaki? Kwanza niambie kama ana nyumba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwajiri mkubwa wa mji akifunga kiwanda, mfanyakazi ahame au abaki? Mi niko Iowa, Marekani, nafanya kiwanda cha nguruwe, na naona hilo ni swali la wapangaji, mwenye nyumba hana cha kuchagua.

Angalieni Lexington kule Nebraska. Novemba 2025 Tyson, kampuni kubwa ya nyama, walitangaza wanafunga kiwanda chao cha ng'ombe, watu kama 3,200 kazi basi, na mji wenyewe una watu kama 11,000 tu. Sasa nyumba utamuuzia nani wakati jirani naye anauza? Amarillo, Texas, walibakiza shifti moja, ikawagusa kama 1,700, ila ule mji ni mkubwa, angalau mtu anabisha hodi kwingine.

Watu huniuliza mbona nyama ya ng'ombe dukani haishikiki halafu viwanda vinafungwa. Ndo hapo sasa. Ukame ulimaliza malisho, wafugaji wakauza mpaka majike, mwanzoni mwa 2025 Marekani nzima ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, hawajawahi kuwa wachache hivyo tangu 1951. Wakipungua, viwanda vinagombania haohao kwa bei ya kutisha, na kiwanda kilichojengwa kuchinja maelfu kwa siku kikichinja nusu, gharama nyingi ziko palepale.

Kuna wanaosema subirini mifugo itarudi. Itarudi lini? Mtamba abakizwe leo, apandishwe, abebe mimba miezi tisa, ndama akue mpaka afae kuchinjwa, hapo mshapita miaka miwili na benki inataka hela yake kila mwezi. Sheria ya huku inazitaka kampuni kubwa zitoe taarifa siku 60 kabla, sawa, siku 60 unapata kazi ila nyumba huuzi.

Kwahiyo mpangaji ahame mapema, kabla wenzake hawajajaza nafasi za viwanda vya jirani. Mwenye nyumba na watoto, mmoja atangulie akapange chumba, familia ibaki mpaka shule zifungwe. Na anayetaka kununua ahesabu kwanza mji una waajiri wangapi, akikuta mmoja aendelee kupanga. Jamaa zangu wa Kongo hapa kazini wanachanga hela za nyumba, nikiwaambia hivi wananiona mchawi.